Mashine ya Shemeji

Mumewe alipofariki, wengi walimletea maneno. Shemeji alileta laptopu. Aliiweka juu ya meza ya chumba cha mbele, akaifunua, akapangusa kioo kwa ncha ya shati lake, akasema, "Usikae bure ukaumwa mawazo, shemeji. Una mkono wa kuchora. Chora."

Basi akachora. Alianza na kadi za harusi ya binti wa jirani, maua pembeni na majina katikati kwa herufi za kulala, na kadi zile zilipopita mikononi mwa watu, kazi ikaanza kuja yenyewe. Haikuchukua muda jina lake likasahaulika, akawa Mama Kadi. Chumba cha mbele kikageuka karakana: printa juu ya kabati la vyombo, mashine ya kukatia karatasi chini ya dirisha, riboni zimening'inia kwenye misumari, na ule unga wa kumetameta ukiingia kila mahali mpaka kwenye kopo la chumvi. Binti yake, aliyekuwa sekondari, alilalamika kwamba anafika shuleni shingo inawaka kama yeye ndiye bibi harusi.

Shemeji alikuwa mdogo wake marehemu. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi moja kubwa, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa barabara, mlango kwa mlango. Mtu mpole, mwenye viatu safi, hapandishi sauti. Mtaa mzima ulimsifu kwa jinsi alivyoibeba familia ya kaka yake, na Mama Kadi mwenyewe alimsifu. Kilichomshangaza ni kwamba hakuhitaji kuambiwa kitu. Wino wa printa ukikaribia kuisha, shemeji anatokea na kopo jipya. Siku moja mgongo ulimsumbua akatafuta dawa kwenye mtandao, na kesho yake jioni shemeji huyo mlangoni na dawa ya kuchua.

"Umejuaje?" alimuuliza.

"Machale tu, shemeji."

Wakacheka. Moyoni Mama Kadi alijiambia labda marehemu ndiye anayemnong'oneza ndugu yake, na wazo hilo lilimfariji.

Lakini machale yale yalikuwa na upande mwingine. Kuna wakati alisikia kwamba kiwanda cha uchapaji cha mji mwingine kinatafuta mchoraji wa kadi. Akaandika barua pepe ya maombi, hakumwambia mtu, hata binti yake. Kabla hajajibiwa, mama mkwe alifunga safari, akaketi kitini bila kuvua viatu na kumuuliza, "Nasikia unataka kumhamisha mjukuu wangu?" Mama Kadi akaapa kwamba hapana, halafu akashinda wiki nzima akijihoji ni wapi alipoponyokwa na neno. Kiwanda hakikujibu kamwe.

Halafu kulikuwa na mwalimu. Mwanamume mjane kama yeye, aliyeagiza kadi za mahafali ya shule yake kwa barua pepe na kumrudishia kila rasimu ikiwa imesahihishwa mikato. "Mkato mmoja tu umebaki, Mama Kadi, nao uko kati yangu na wewe," aliandika mara moja, naye Mama Kadi akacheka peke yake mbele ya kioo mpaka akaona aibu. Kadi zilikwisha, barua hazikuisha. Mwalimu alikuwa amefika mahali pa kuuliza ni lini anaweza kuja kuwasalimu wakubwa, kisha ghafla akanyamaza kimya. Mama Kadi aliandika tena, kimya. Akaandika mara ya mwisho, kwa kifupi, ili asionekane anambembeleza. Kimya. Akajikaza kisabuni. Wanaume ndivyo walivyo, alijisemea, na akaendelea kukata karatasi.

Hayo yalikuwa yamepita na kupoa laptopu ilipoanza kuzeeka. Aliiwasha, akaenda kuosha vyombo, akarudi na kuikuta bado inajifikiria. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ikafika siku ikagoma katikati ya kadi za harusi ya watu wakubwa, mama wa bibi harusi akipiga simu asubuhi na jioni. Mama Kadi akampigia shemeji, aliyekuwa safarini kikazi.

"Usiipeleke kwa fundi," shemeji alisema. "Nisubiri."

"Lakini shemeji, hawa watu wananisulubu."

"Nimesema nisubiri. Mafundi wa mitaani wataiharibu. Usimpe mtu yeyote, umenielewa?"

Hakuwahi kumsikia akisema naye kwa sauti ile. Haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyekauka koo. Alikaa na simu mkononi. Simu ikalia tena. Mama wa bibi harusi. Mama Kadi akaikunja laptopu, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa, akatoka.

Fundi aliyekuwa karibu alikuwa mwanamke, kibanda chake kikiwa kati ya mshona viatu na saluni. Watu walimwita Bisibisi kwa sababu alichomeka bisibisi kwenye fundo la nywele zake na kuitafuta mezani nusu saa. Aliisikiliza laptopu kama daktari anavyosikiliza kifua, akabonyezabonyeza, akakunja uso.

"Imezeeka?" Mama Kadi aliuliza.

"Haijazeeka. Imebebeshwa mizigo. Kuna vitu vinakimbia humu ndani sivielewi. Nani aliitengeneza?"

"Shemeji yangu. Yeye ni mtaalamu."

"Haya." Bisibisi akairudisha bisibisi kwenye fundo la nywele. "Dada, kadi zako nakunakilia zote pembeni, na humu nakuwekea mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, mwepesi. Unaitwa Linux. Ni wa bure."

Mama Kadi akauvuta mkoba karibu na ubavu. "Bure ya kweli, au bure ya mpaka nizoee?"

"Ya kweli," Bisibisi akacheka. "Watu wameuandika pamoja, huku na huko duniani, wakauacha wazi. Anayejua kusoma maandishi yake anausoma mpaka chini kabisa, aone kila unachofanya. Lakini usinunue mbuzi kwenye gunia. Onja kwanza."

Akachomeka flashi, akaiwasha mashine, na mfumo ukaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu cha ndani. Kioo kilikuja cha buluu tulivu. Mama Kadi alisogeza kipanya kwa hofu, kama anayeingia nyumba ya watu wakati wenyewe hawapo. Akafungua hiki, akafunga kile. Baadhi ya maneno yalikuwa Kiswahili: Faili, Hariri, Hifadhi. "Kumbe inaongea," alisema. Feni ilikuwa imenyamaza.

"Niiweke?"

Akakumbuka sauti ya shemeji kwenye simu. Akamkumbuka na mama wa bibi harusi. "Weka."

Kabla ya kufuta chochote, Bisibisi alinakili diski nzima kwenye diski yake ya akiba, "kwa usalama." Kisha akapakia mfumo. Mwishoni ukauliza neno la siri. "Chagua wewe," alisema Bisibisi, akageukia ukuta na kuanza kutazama kalenda ya mwaka uliopita. Mama Kadi alikaa vidole hewani. Neno la siri la mashine hii alikuwa amelichagua shemeji siku ya kwanza kabisa, na yeye alilitumia miaka yote kama mtu anayeishi na ufunguo wa kuazima. Akafikiri sana. Akaandika.

Siku ile alifanya kazi kama aliyefunguliwa miguu. Si kwamba hakusumbuka. Herufi zake za kulala hazikuwemo, na majina ya maharusi yakatoka manene, mraba mraba, kama tangazo la mnada. Binti yake alicheka mpaka akashika meza. Wakatafuta nyingine, wakapata nzuri kuliko zile. Printa ilipoambiwa ichape ilikaa kimya muda, wote wawili wakiitazama, kisha ikajikohoza na kutoa kadi safi, mstari kwa mstari. Mama Kadi akapiga makofi.

"Mama," binti akasema, akiwa ameinama juu ya laptopu. "Ile taa ndogo ya hapa juu, karibu na kamera, mbona leo haiwaki?"

"Taa ipi?"

"Ya kijani. Ilikuwa inawaka ukifanya kazi."

"Labda ilikuwa ya chaji," alijibu, na akaendelea kukunja riboni.

Shemeji alitakiwa kurudi mwisho wa juma. Alirudi kesho yake adhuhuri. Hakupita kwake kubadili nguo, alikuja moja kwa moja na begi la safari mkononi, viatu vimejaa vumbi.

"Kompyuta ina nini?" alisema hata kabla ya salamu.

"Karibu, shemeji. Mbona mapema hivi?"

"Nimeuliza kompyuta ina nini. Imezimika tangu jana."

"Haijazimika, hii hapa naifanyia kazi."

Akaja akasimama nyuma ya kiti chake. Mama Kadi hakumwona uso, lakini alisikia pumzi zake zikibadilika. Shemeji akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza vitufe viwili vitatu, upesi upesi, mashine ikamwekea mbele sanduku dogo jeupe: neno la siri.

"Ni neno gani?" shemeji aliuliza.

"Ni langu," alisema Mama Kadi, na maneno yale yalimshangaza yeye mwenyewe.

"Andika."

"Kwa nini?"

"Umeweka takataka za bure kwenye mashine yangu. Wezi ndio wanaotumia vitu hivi. Niandikie neno la siri niirudishe kama ilivyokuwa." Alikuwa anatabasamu, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mimi nakulinda, shemeji. Hujui watu. Unadhani yule mwalimu wako na mikato yake alikuwa na nia njema?"

Nje mtoto alikuwa anaburuta kopo kwa kamba. Mama Kadi aliitazama ile printa juu ya kabati, akaitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Mwalimu hakuwahi kutia mguu katika nyumba ile. Mama Kadi hakumtaja kwa mama yake wala kwa rafiki. Na ile mikato, utani ule mdogo, haikuwahi kutamkwa kwa sauti na mtu yeyote. Iliandikwa tu, ikasomwa hapa, kwenye kiti hiki.

Shemeji naye alijua kwamba imemponyoka. Akaliinua begi lake, akasema atarudi, akatoka taratibu na kuurudisha mlango kwa adabu kama kawaida yake.

Mama Kadi alikwenda kwa Bisibisi nusu anatembea nusu anakimbia. Hakuwa na la kueleza, aliuliza tu kama ile nakala ya diski bado ipo. Ilikuwepo. Bisibisi alishusha mlango wa kibanda mpaka nusu, akachimba kwa muda mrefu, na aliposema hakumtazama usoni.

"Kulikuwa na programu inaamka kila ukiwasha. Imefichwa vizuri, aliyeiweka anajua kazi. Inamwonyesha mtu mwingine kioo chako, popote alipo. Unachoandika anakiona."

"Na kamera?"

"Na kamera."

Mama Kadi alifikiri juu ya saa zote alizokaa mbele ya meza ile. Siku alizolia. Siku za joto alizofanya kazi na upande mmoja wa khanga tu kifuani, akijua yuko peke yake chumbani. Akatoka nje, mshona viatu akampa kiti.

Waliifungua barua pepe yake pamoja. Palikuwa na sehemu inayoonyesha ni mashine zipi zimeingia humo, na ilikuwepo moja asiyoijua, iliyoingia hata asubuhi ile. Bisibisi akamwonyesha jinsi ya kuifukuza na kubadili neno la siri. Kisha Mama Kadi akakusanya ujasiri, akampigia mwalimu simu, kitu ambacho fahari yake ilikuwa imemkataza mwaka mzima.

Mwalimu aliitambua sauti yake. "Mama Kadi," alisema, "si ulinikataza? Uliniandikia nisikutafute tena. Kwamba nimekuvunjia heshima wewe na mtoto wako. Niliisoma barua ile mara nyingi sana."

"Sikuandika."

"Ilitoka kwako. Ilikuwa inaongea kama wewe."

Aliongea kwa upole, akamwombea heri. Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza chai iwekwe wapi.

Kikao cha familia kiliitishwa, na kilifanyika chumba kile kile, riboni zikiwa juu ya vichwa vya wazee. Mama Kadi alisema yote, na Bisibisi alikuja kuthibitisha. Shemeji hakukana. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kama angekana. Alikaa na mikono juu ya magoti, akasema kaka yake alimwachia familia, dunia imeharibika, na yeye alilinda alichoachiwa. Wazee wakatikisa vichwa, na Mama Kadi akaona kwa macho yake wakitikisa kwa kukubali.

"Alikosea njia," mama mkwe akasema. "Lakini nia yake ilikuwa kukulinda, mwanangu. Mjane kijana, na mtoto wa kike ndani. Kama huna la kuficha, umeumia wapi?"

Mwishowe wazee wakasema, ili pawe na amani, laptopu arudishiwe mwenyewe. Bisibisi aliruka kama aliyekanyaga moto, lakini Mama Kadi alimshika mkono. Wakaipeleka kibandani, wakanakili kadi zake zote kwenye flashi, wakaifuta mashine mpaka ikabaki tupu kama siku ilipotoka kiwandani, na shemeji akaja kuichukua. Aliipokea kwa mikono miwili. Alisema asante.

Bisibisi alimwokotea kompyuta ya mezani iliyotupwa na ofisi moja, kasha limekwaruzwa, isiyo na kamera. Wakachomeka ile ile flashi ya kwanza, kioo cha buluu tulivu kikaja, herufi zikawa mahali pake, na Mama Kadi akaendelea na kazi pale alipoishia. Hakuwa mtu wa kusifia vitu, lakini wateja wakimuuliza kwa nini hatumii wanachotumia wengine, alikuwa akisema, "Huu naujua nani anaingia." Kisha anajisikiliza kama amesema kweli.

Kwa maana palikuwa na jambo moja bado. Lilimjia ghafla akiwa anakata karatasi, na nusura ajikate kidole. Simu ya binti yake. Alipofaulu kuingia kidato kipya, baba mdogo wake ndiye aliyemnunulia.

Alimngojea arudi shule. Alijitahidi kuuliza kama utani. "Hebu nipe simu yako, mama, fundi aiangalie."

Binti akaishika kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekuwepo kwenye kikao, mlangoni, alisikia yote. Macho yakamjaa machozi.

"Baba mdogo alisema utakuja kuichukua," alisema.

"Alisema lini?"

"Siku ile ile ya kikao. Alisema utakuwa humwamini mtu yeyote, hata mimi."

Mama Kadi hakumpokonya. Aliketi sakafuni, kati ya vipande vya karatasi, akamweleza binti yake mambo ambayo hakuwahi kuyafikiri kumweleza: kiwanda cha uchapaji, mwalimu, barua ambayo hakuiandika. Alimweleza mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi iliyofuata binti aliiacha simu juu ya meza ya kazi, imezimwa, akaenda shule bila kuaga.

Bisibisi aliichunguza siku nzima. Aliipindua, akaifuta, akaipandisha upya, akaangalia kila anachojua kuangalia.

"Sioni kitu," alisema.

"Kwa hiyo hakuna?"

"Dada, mfumo wako ule nyumbani nakwambia hauna kitu, kwa sababu wote upo wazi, na tuliuweka sisi kwenye diski tupu. Hii sijui. Nimesema sioni."

Binti alirudishiwa simu yake, maana masomo mengine yalikuja kwa simu, na mwingine wa kumnunulia hayupo. Shemeji bado anakaa upande wa pili wa barabara. Asubuhi akipita kwenda kazini, viatu vimepigwa rangi, huwapungia mkono, nao humpungia. Na majirani husema mama na binti wale wamekuwa marafiki sana siku hizi. Wakiwa na neno la kuambiana, hata dogo, hata la mboga, huiacha simu juu ya meza ndani, wakafunga mlango, na kutoka kusimama uani, vichwa vimekaribiana, wakinong'ona.